Majembe Aliyokula Diwani

Diwani wetu alikula majembe. Hivyo ndivyo nilivyosema miezi mitatu mizima. Nilisema kilabuni kwa Tomasi. Nilisema nje ya kanisa baada ya misa. Nilimwambia hata fundi baiskeli wa Bugarama, ambaye hakuniuliza.

Jina langu ni Gaspari. Ni mkulima wa migomba na maharage katika kijiji cha Nyamurinda, wilaya ya Ngara. Mimi si mtu wa kudanganywa. Mtu akinisalimu mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka kukopa nini.

Mke wangu ni Ildefonsa. Mwaka ule wa 1998 binti yetu Nice alikuwa mjamzito. Alirudi nyumbani ili ajifungulie kwetu. Kila asubuhi Ildefonsa alikwenda kutafuta kuni. Zamani kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Kisha wakimbizi wakaja kwa maelfu, wakapika nao, na vilima vikabaki vipara. Sisemi kwa chuki. Mtu aliyekimbia bunduki naye anakula kilichoiva. Lakini kuni zilikuwa mbali, na mke wangu alirudi saa sita akiwa amechoka.

Malori ya misaada nayo yalivunja barabara. Halafu zikaja zile mvua za elinino, zikamalizia kilichobaki.

Naomba nieleze jambo moja sasa, maana ndilo lililotufanya tukose usingizi. Nice alikuwa amewahi kupata mimba kabla ya hii. Uchungu ulipomzidi, wanaume kumi tulimbeba kwa ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, tukielekea hospitali. Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja tu, cha wagonjwa wote. Tulipofika kijito cha Kanyinya tulikuta daraja limevunjika. Tukazunguka kwa juu. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia. Ildefonsa alimfunga katika kitenge chake, tukarudi naye nyumbani.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipokubali kujenga chumba cha kujifungulia pale zahanati, mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Halmashauri ya wilaya ilisema italeta saruji na mabati. Sisi tulete mawe, kila kaya makarai ishirini. Mimi nilipeleka thelathini. Niliyapasua kwa nyundo yangu mwenyewe, na ukucha mmoja ukang'oka. Nilikuwa namjengea mjukuu wangu.

Siku moja mwezi wa tano, Ildefonsa alirudi bila kuni. Alikuwa anahema.

"Baba Nice! Mawe yanaondoka!"

"Mawe gani?"

"Mawe ya zahanati. Yanapakiwa kwenye lori!"

Nilikimbia mpaka zahanati. Nilikuta vumbi tu, na mahali pa lundo letu la mawe pakiwa patupu. Lori lilikuwa linapanda kilima taratibu kwa uzito wa mawe yangu.

Nice alitoka ndani akasimama mlangoni. Alishika tumbo lake. "Baba, sasa nitazalia wapi?" aliuliza. Mwezi wa nane, wa kujifungua kwake, haukuwa mbali.

Jioni ile kilabuni hapakuwa na habari nyingine.

"Yameuzwa," alisema Tomasi, mwenye kilabu. "Kambini wanajenga. Mawe yana bei."

"Nani kayauza?" mtu mmoja aliuliza.

"Unauliza?" nikasema mimi. "Aliyekula majembe ndiye aliyekula mawe! Mwezi wa pili tulisainishwa majembe pale sokoni. Nani ameona hata mpini?"

Hakuna aliyeuona. Wote walitikisa vichwa. Tomasi akasema, "Lisemwalo lipo." Nikanywa, nikaona nina akili kuliko kijiji kizima.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa diwani. Anaitwa Anatoli. Tulisoma naye shule ya msingi, ila yeye aliendelea, mimi niliishia darasa la nne. Nilimkuta anapalilia maharage. Alikuwa amevaa buti mpya za mpira. Niliziangalia sana zile buti.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Karibu, Gaspari."

"Sikuja kukaa, Mheshimiwa. Nimekuja kuuliza. Mawe yetu yako wapi?"

"Yako Kanyinya. Tunajenga daraja."

"Ala! Nani alikuruhusu?"

Aliegemea jembe lake. "Nyinyi wenyewe."

"Sisi? Lini?"

"Nisikilize, Gaspari. Halmashauri ina kata nyingi. Kila diwani anavutia kwake. Mwezi wa pili zilipatikana fedha za barabara. Sharti lilikuwa moja, wananchi watoe nguvu zao. Nilipewa siku mbili. Kama tusingetoa mawe, zile fedha zingekwenda kata nyingine. Mimi naamini barabara kwanza. Utajenga chumba, sawa. Dawa zitapita wapi? Nesi atapita wapi?"

"Na chumba cha kuzalia?"

"Kitafuata."

"Lini?"

Alipiga jembe chini mara moja. Akaendelea na lake, kwa hasira kidogo. "Na nikwambie lingine. Kijiji hiki kimeharibika. Zamani mtu alikuja mkutanoni kwa sababu ana neno la kusema. Siku hizi mnakuja mkisikia kuna cha kupokea. Mkutano wa mwisho wa kusoma matumizi ya kijiji walikuja watu kumi na wawili, na mbuzi wa Tomasi. Kazi za pamoja hamtaki. Barabara ikiharibika mnasema shirika litakuja. Mashirika yataondoka siku moja! Sasa nifanye nini? Niwasubiri?"

"Na majembe je?" nikamkatiza.

"Majembe gani?"

Hee! Majembe gani! Alinitazama kwa macho meupe kabisa, kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, huyu ni mwizi mzoefu. Mwizi mchanga angebabaika.

"Mkutano uliokubali umeandikwa," akasema. "Muhtasari uko kwa mtendaji. Kaangalie."

Niliondoka bila kuaga vizuri. Nilijua tayari muhtasari huo ni wa kughushi. Nilichokuwa sijajua ni nani aliyeghushi.

Nilikwenda kwa Laurian, afisa mtendaji wa kijiji. Akaniambia njoo kesho. Kesho yake akaniambia mhuri haupo. Siku ya tatu akasema ufunguo wa kabati uko Ngara mjini. Ufunguo umefuata nini mjini? Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima.

Nilimkuta Mwalimu Zawadi uani kwetu. Mwalimu Zawadi ni binti wa wenye maduka wa Ngara mjini. Alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini, Jumanne na Ijumaa. Ildefonsa hakukosa hata siku moja. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Mzee wako anajua kusoma, inatosha." Kweli nilijua kusoma kidogo. Lakini fahari yangu ilikuwa sahihi yangu. Ilikuwa na mkia mrefu unaozunguka mara mbili. Hakuna mtu Nyamurinda mwenye mkia kama ule.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Zawadi.

"Marahaba, mwalimu. Umenikuta nina hasira."

"Nimesikia kuhusu mawe. Umefanya nini?"

"Nimegombana na diwani. Nimegombana na mtendaji. Nimewasema kilabuni."

"Umeandika?"

"Niandike nini?"

Akaketi kwenye mkeka. "Mzee Gaspari, maneno ya kilabuni hayana mhuri. Sikiliza. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa nani?"

"Wa mwenyekiti na mtendaji."

"Siyo. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Wewe umo, Mama Nice yumo, Nice yumo. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wanasoma mapato na matumizi, na nyinyi mnauliza. Mkutano ukiamua mawe ni ya zahanati, hayaendi kwingine mpaka mkutano ukae tena na kuamua."

"Wanasema ulikaa!"

"Basi kuna muhtasari. Muhtasari ni maandishi ya yaliyosemwa na kukubaliwa, pamoja na majina na sahihi za waliohudhuria. Mwananchi ana haki ya kuuona. Muombeni mtendaji kwa barua. Msiende mtu mmoja, nendeni wengi. Na msiende kutukana."

"Barua ataiandika nani?" niliuliza.

"Mimi," alisema Ildefonsa.

Nilidhani anatania. Alileta daftari lake la kisomo, akakaa chini, akaanza. Aliandika mistari minne kwa muda wa saa nzima. Jasho lilimtoka. Alipomaliza alinisomea mwenyewe, silabi kwa silabi, na kila neno lilikuwa mahali pake. Sikucheka tena.

Jumatatu tulikwenda. Tulikuwa mimi, Ildefonsa, Mwalimu Zawadi, na wanawake sita wa kisomo. Laurian alisoma barua. Alituangalia tulivyojaa mlangoni. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

"Kumbe umesharudi kutoka Ngara!" nikasema. Mwalimu Zawadi alinikanyaga mguu.

Laurian alitoa faili. Nilijinyoosha, tayari kuona uongo kwa macho yangu. Ildefonsa aliishika karatasi, akaanza kusoma polepole.

"Mu-hta-sa-ri wa mku-ta-no. Tarehe kumi na nane mwezi wa pili. Mahali, so-ko-ni. Wananchi wame-ri-dhi-a mawe ya za-ha-na-ti ya-ha-mi-shi-we kwenda da-ra-ja la Kanyinya."

"Uongo!" nikapiga kelele. "Nani kasaini upuuzi huo? Soma majina!"

Ildefonsa alifunua ukurasa wa pili. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa kwanza.

"Soma, Mama Nice."

"Namba moja," alisema. "Gas-pa-ri."

Nilimnyang'anya karatasi. Jina langu lilikuwa la kwanza kabisa. Mbele yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu unaozunguka mara mbili.

Ndipo nilipoikumbuka siku ile. Gari la halmashauri lilisimama sokoni. Diwani na Laurian walishuka na faili. Diwani alianza kusema maneno, lakini nani alimsikiliza? Miaka ile kila gari lililokuja na karatasi lilikuja na kitu. Uliposaini ulipata blanketi, au mbegu, au ndoo. Ukichelewa, vitu vinakwisha. Mtu mmoja nyuma alisema, "Majembe!" Nikaacha kibuyu changu cha pombe kwa Tomasi, nikakimbia. Nilitaka kuwa wa kwanza, na nikawa wa kwanza. Mwenye kalamu aliuliza, "Umesikia?" Nikasema, "Ndiyo, ndiyo, lete." Nilisaini, nikasimama kando kusubiri jembe langu. Nilisubiri mpaka jua likazama.

Majembe hayakuliwa na mtu. Majembe hayakuwapo.

"Kuna jingine," alisema Ildefonsa. Kidole chake kilikuwa kwenye namba mbili. "Fre-d-nand. Ndugu yako Frednand yuko Runazi mwaka wa pili sasa. Alikuja lini kusaini?"

Mbele ya jina la Frednand palikuwa na mkia mrefu unaozunguka mara mbili. Nilikuwa nimetaka majembe mawili.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika uani Ildefonsa aliweka daftari lake chini, akanigeukia. Sijawahi kumwona vile.

"Miezi mitatu unamwita Anatoli mwizi. Nyani haoni kundule! Unajua umesaini nini? Umesaini mawe ya mjukuu wangu. Yule wa kwanza nilimfunga kwa mikono hii. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi mkutano utaitishwa. Utasema wewe, au nitasema mimi."

Sikulala vizuri siku zile. Nilimshuku hata kuku, nikidhani anajua.

Mkutano uliitishwa Jumamosi. Kijiji kizima kilikuja. Nasema ukweli, walikuja kumwona diwani anavuliwa nguo. Tomasi alifunga kilabu, jambo ambalo hata Pasaka halifanyi. Diwani Anatoli alikuwa amekaa mbele na buti zake mpya. Watu walikuwa wananong'ona na kunyooshea zile buti vidole. Mimi ndiye niliyewafundisha kuziangalia.

Mwenyekiti aliuliza nani ana neno. Nilisimama.

"Mficha uchi hazai," nikasema. "Mimi ndiye niliyesaini mawe yaondoke. Nilisaini namba moja. Na namba mbili pia nilisaini mimi, kwa jina la Frednand. Nilidhani ni majembe."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha Tomasi akasimama, uso ukiwa umemshuka.

"Mimi nilisaini mara tatu," alisema. "Langu, la mke wangu, na la marehemu baba."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akasema amemsainia mtoto wa miaka saba. Mwingine akasema alitia dole gumba mara mbili, la kulia na la kushoto. Laurian alianza kufuta majina moja baada ya jingine. Sahihi zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Watu wa kweli hawakufika sitini, na hakuna hata mmoja aliyejua anachosaini.

Nilifikiri yameishia hapo. Ildefonsa akasimama.

"Mheshimiwa Diwani, mume wangu amesema lake. Sasa nauliza lako. Siku ile uliwaona watu wanakimbilia kalamu. Ulijua wanadhani ni majembe?"

Anatoli aliinama. "Nilisikia mtu anataja majembe."

"Mbona hukusema hapana?"

Aliinua macho. Kisha akasema, "Ningesema hapana, wangeondoka bila kusaini. Nilikuwa na siku mbili. Nilijua daraja ni jambo jema."

"Labda ni jema," alisema Ildefonsa. "Lakini hukutuuliza. Ulituacha tuwe wajinga kwa sababu ujinga wetu ulikufaa."

Anatoli alivua kofia yake. Alisema amekosa, na alisema kwa sauti ya kusikika. Sikumwamini moja kwa moja. Hata leo nikimwona na faili namfuata kuangalia. Lakini aliposema amekosa nilijua ni kweli, kwa sababu na mimi nilikuwa nimetoka kusema neno hilo hilo, na nilijua ladha yake.

Siku ile tuliamua mambo kwa sauti na mikono juu. Mawe yaliyokwisha kujengewa daraja yabaki. Diwani aende halmashauri kueleza ukweli, na asirudi bila tarehe ya saruji na mabati. Sisi tupasue mawe mapya, kwa kazi ya pamoja, kila Alhamisi. Kila kitakachokuja kiandikwe kwenye ubao nje ya zahanati, kimekuja kiasi gani, kimetumika wapi. Na tukaweka desturi mpya. Karatasi haisainiwi kabla haijasomwa mbele ya wote mara mbili. Mara ya kwanza na kiongozi. Mara ya pili na mwananchi asiye kiongozi. Mtu atie sahihi yake tu, asimsainie ndugu, wala mtoto, wala marehemu.

"Msomaji wa pili atakuwa nani?" mwenyekiti aliuliza.

Wanawake sita wa kisomo walimsukuma Ildefonsa mbele.

Diwani alikwenda Ngara mara mbili, akarudi mikono mitupu. Kilabuni tukasema, tuliyajua hayo. Mara ya tatu alirudi juu ya gari la saruji, mweupe kwa vumbi kichwa kizima. Ildefonsa alihesabu mifuko ikishuka, akaandika ubaoni: mifuko arobaini. Baada ya siku mbili nikaihesabu tena mwenyewe. Ilikuwa arobaini. Alhamisi tulipasua mawe, na Anatoli alikuja na nyundo yake. Nilimpa jiwe gumu kuliko yote. Alilipasua.

Uchungu wa Nice ulianza asubuhi moja mwezi wa nane. Chumba kilikuwa na kuta na bati. Mlango ulikuwa bado. Ildefonsa alitundika shuka letu la kitandani pale mlangoni, akaniambia nikae mbali. Nilikaa juu ya rundo la mawe yaliyobaki.

Nesi alikuwapo na dawa zilikuwapo. Nesi alikuja na dawa hizo wiki ile kwa gari, juu ya daraja la Kanyinya. Hilo nalo nalisema, ingawa linaniuma.

Saa nne na nusu nilisikia kilio. Si cha Nice. Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, cha mtu anayedai haki yake. Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili nikalia kama mtoto, hapo hapo juu ya mawe, watu wakiniona.

Baadaye nesi alitoka nyuma ya shuka na karatasi. "Hongera, babu. Ni msichana. Hii ni ya kuandikisha kizazi. Saini hapa chini."

Akanipa kalamu. Niliishika, nikaiinua. Kisha nikaishusha.

"Isome kwanza," nikasema.

Nesi alishangaa, lakini akasoma. Alipomaliza alisema, "Haya sasa."

"Bado. Mara ya pili asome asiye kiongozi."

Ildefonsa alitoka akifuta mikono. Aliichukua ile karatasi, akaisoma yote kwa sauti, siku, saa, uzito, jina la mama. Hakukata silabi hata moja. Nice alikuwa anacheka ndani, nyuma ya shuka.

Nikasaini. Mara moja tu.